Sajini Dirishani mwa Darasa la Kwanza

Kwanza niseme wazi, maana nimestaafu na sina tena wa kumwogopa: watoto wa miaka sita wanachosha. Anayesema hawachoshi hajawahi kukaa nao chumba kimoja tangu asubuhi mpaka saa saba mchana. Juzi yule binti aliyechukua darasa langu alinijia nyumbani Kibuli, macho mekundu, nywele zimejaa vumbi la chaki, akajitupa kwenye mkeka na kuniuliza, "Mwalimu Rukia, wewe uliwawezaje?" Nikamwambia sikuwaweza. Akadhani namtania. Basi naandika haya ili yeye na wenzake wajue kwamba mimi pia nilitoka darasani siku nyingi nikitaka kulia, na kwamba wakati wa serikali ya wanajeshi, mdomo wa darasa la kwanza nusura umtoe mtu roho. Na mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Shule yetu ilikuwa kati ya Kibuli na Makindye, majengo mawili ya bati na choo kimoja ambacho sitakielezea. Chini yetu kulikuwa na nyumba za askari, kwa hiyo watoto walitoka kila pembe ya nchi: Waganda, Wanubi, watoto wa kaskazini, hata wa Kongo. Madarasa ya chini yalifundishwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo kila mmoja wao aliiharibu kwa kiasi sawa. Mimi nimezaliwa nayo. Babu zangu walikuja na biashara kutoka pwani, wakapata wake Kibuli, wakasahau kurudi. Mwalimu mkuu alipoisikia lugha yangu hakuniuliza kingine chochote, akanikabidhi darasa la kwanza papo hapo, na mimi mjinga nikashukuru.

Siku ya kwanza nilivaa gauni jeupe. Hapo tu mtaona nilivyokuwa sijui kitu. Kabla ya saa tatu gauni lilikuwa na alama za viganja vya ndizi mbivu toka kiunoni kwenda chini. Mtoto mmoja alilia kwa sababu mama yake ameondoka. Wa pili alilia kwa sababu wa kwanza analia. Ilipofika saa nne walikuwa wanalia arobaini kati ya sitini na watatu, waliobaki wanapigana, na mimi nimesimama katikati napiga kelele "Nyamazeni!" mpaka sauti ikakauka. Ndipo akaingia Mwalimu Efulansi wa darasa la pili. Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye rozari ndani ya blauzi, tayari amefundisha miaka mingi kuliko umri wangu. Alikaa sakafuni katikati ya darasa, akatoa karanga kwenye kikapu, akaanza kuzibambua moja moja. Watoto wakanyamaza ili waone anafanya nini.

"Usishindane nao kwa sauti, Rukia," aliniambia bila kuinua kichwa. "Watakushinda. Wana mapafu mapya."

Yote ninayoyajua kuhusu kazi hii alinifundisha yeye. Alinifundisha kutoligeuzia darasa mgongo kwa muda unaozidi kuandika maneno manne ubaoni. Alinifundisha kwamba harage likiingia puani humwambii mtoto alitoe kwa kidole, unaziba tundu la pili na kumwambia apenge kwa nguvu. Maana tulihesabu kwa maharage, na maharage yaliingia puani kila wiki, Wallahi, kama vile pua ndipo mahali pake. Nikabadilisha, nikaleta vizibo vya soda. Haviingii puani. Lakini siku ya tatu nilikuta watoto wanne wamevibana kwenye paji la uso mpaka vimewaachia duara nyekundu zenye meno, nao wanajiita majenerali.

Halafu zikaja zile siku za kukosa. Sukari ilipotea madukani, sabuni ikapotea, chumvi ikapotea, na chaki nayo ikafuata. Mwalimu Efulansi akanionyesha: unamenya muhogo, unaukata vipande vya ukubwa wa kidole, unauanika juani mpaka ukauke kabisa. Unaandika vizuri tu, hafifu kidogo. Tatizo ni kwamba chaki hiyo inalika. Nikigeuka tu, mkebe umepungua. "Umekula chaki?" namuuliza mtoto. "Hapana, Mwalimu," na unga unamtoka mdomoni akisema hivyo. Nikaanza kuzipaka pilipili. Binti mmoja wa Kinubi akanifuata wakati wa mapumziko akaniambia kwa adabu kabisa kwamba za leo ni tamu zaidi, na je, nyumbani kwangu zipo nyingine.

Lakini kilichonichosha kuliko vyote ni Habari. Kila asubuhi, baada ya kuita majina, tulikuwa na kipindi cha Habari. Mtoto mmoja anasimama, anasema jambo lililotokea kwao, mwalimu analiandika ubaoni kwa herufi kubwa, na darasa zima linalisoma kwa pamoja. Ni njia nzuri ya kufundisha kusoma, siikatai. Mtoto anasoma haraka zaidi maneno aliyoyasema mwenyewe. Tatizo ni kwamba watoto wa miaka sita hawakubali kupitwa. Mmoja akisema mbuzi wao kazaa, basi mbuzi wa darasa zima wamezaa, hata wa wale wasio na mbuzi. Jumatatu moja mtoto alisema bibi yake amefariki. Kufikia mapumziko walikuwa wamefariki mabibi kumi na tisa, na mmoja wao alikuja saa sita kumletea mjukuu wake uji. Nilimpokea yule bibi kwa mshtuko hata akaniuliza kama naumwa.

Nilijaribu kila njia kuwaachisha. Nilipigisha magoti, nilisimamisha, nilihubiri juu ya uongo mpaka nikajichukia. Hawakuelewa kosa ni lipi. Kwao, mwenzao akiwa na kitu, na wao wanacho.

Mwaka ule nilikuwa na mapacha wa kike, Babirye na Nakato. Babirye alikuwa msemaji. Nakato alikuwa msahihishaji. Babirye akisema, "Jana tulikula samaki," Nakato anasimama hapo hapo: "Si samaki, ni kichwa cha samaki." Babirye akisema, "Baba alikuja na baisikeli," Nakato anaongeza, "Ya kuazima." Hawakuwahi kugombana. Walifanya kazi hiyo kwa pamoja kama watu wanaobeba meza, na mimi sikuwahi kuona binadamu asiyeweza kuvumilia taarifa pungufu kama Nakato. Hata nilipotangaza kwamba nina umri wa miaka ishirini na mbili alininyoshea mkono.

Mwalimu Efulansi alinionya. Wakati huo watu walikuwa wanachukuliwa mchana kweupe, kwenye magari yasiyo na namba, na jirani aliyeona alirudi ndani kuendelea kupika. Ukiuliza aliko fulani, unajibiwa amesafiri, na huulizi mara ya pili. "Rukia," aliniambia siku moja tukichota maji, "usiwaulize watoto ya nyumbani. Uliza ya njiani. Wameona nini wakija shule, basi." Nikamjibu ndiyo, mama, na sikufuata. Niliona ni woga wa uzee. Zaidi ya hapo, ya njiani yalikuwa yanachosha: wameona jiwe, wameona jiwe jingine. Ya nyumbani yaliwafanya wasome.

Sasa nije kwa sajini.

Alikuwa baba wa Zubeda, msichana wa mstari wa mbele ambaye hakukubali kushindwa na yeyote kwa lolote. Alikuwa anamleta mtoto mwenyewe kila asubuhi, mtu mrefu mwenye buti na bastola kiunoni, halafu haondoki. Anasimama nje ya dirisha la darasa langu, mikono nyuma, anatazama ubao mpaka kipindi cha Habari kiishe. Siku ya kwanza, siku ya pili, wiki nzima. Walimu wenzangu wakaanza kunisalimia kwa sauti ya chini kana kwamba nina msiba. Mwalimu mkuu aliacha kabisa kulikagua darasa langu, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona.

Wiki ya pili nikashindwa. Nilimfuata dirishani kipindi cha Habari kilipokwisha. "Afande, kuna tatizo na darasa langu?"

Akatazama buti zake. "Mwalimu, usiambie watu. Mimi iko nasoma."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza polepole, huku akiangalia kama kuna anayesikia. Hakuwahi kwenda shule. Mama yake kule kijijini huwa anaandikisha barua, na yeye anampa mwenzake kambini amsomee. "Yule naisoma na kucheka. Barua ya mama yangu, yeye nacheka." Na sasa Zubeda ameanza kuleta daftari nyumbani na kumwambia, baba, soma hapa. Alitaka ajue kusoma kabla mtoto hajagundua.

Ningefanya nini? Nilisogeza ubao karibu na dirisha. Na kuanzia siku hiyo nikawa na wanafunzi sitini na wanne, na wa mwisho hakuwa bora kuliko wengine. Alisoma kwa midomo, nusu neno nyuma ya darasa, na akijua jibu anapayuka. Siku moja niliandika neno, nikauliza ni nani awezaye kulisoma, na kabla mtoto yeyote hajafumbua kinywa sauti nzito ikatoka dirishani: "Kuku!" Nilikuwa nimechoka. Nikageuka bila kufikiri: "Wewe wa dirishani, nyosha mkono kwanza!" Watoto wote wakageukia dirisha. Sajini akanitazama, akatazama watoto, akanyosha mkono.

Nikampa nafasi. Akasema kuku. Tukampigia makofi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumatatu, na mimi nilikuwa nimetoka kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na kuikosa. Nilikuwa na hasira na dunia nzima. Nikaita majina, nikasema Habari, nani anayo. Babirye alikuwa amesimama kabla sijamaliza.

"Mwalimu, mujomba wetu analala dalini."

Mwenzangu unayefundisha darasa la kwanza, wewe unaujua mkono huu. Mtoto anasema, mkono unaandika. Hauulizi kitu, haungoji kichwa. Nikaandika, kwa herufi kubwa, za duara, nzuri kuliko siku zote: Mjomba wa Babirye analala darini. Nilikuwa naweka nukta ndipo masikio yangu yakasikia nilichokiandika.

Nakato naye amekwisha simama. "Si kila siku, Mwalimu. Akisikia gali ndiyo anapanda."

"Nakato, kaa chini."

"Mama anamupa ngazi."

"Nakato!"

"Na anakojoa kwenye mukebe."

Darasa likaangua kicheko, kwa sababu ya mkojo. Mtu mzima haingii darini kwa kupenda. Kila mtu mji mzima alijua maana yake, isipokuwa hawa waliong'oka meno ya mbele. Nikifuta haraka, yule wa dirishani atajua naogopa nini. Nikiacha, watasoma. Na nilikuwa nimewafundisha vizuri, lahaula, niliwafundisha vizuri kupita kiasi, maana nikiwa bado nimesimama na chaki yangu ya muhogo, wakaanza wenyewe bila kuamriwa, watoto sitini na watatu kwa sauti ya juu kabisa, madirisha wazi, barabara iko chini tu: "M-jo-mba wa Ba-bi-rye a-na-la-la da-ri-ni!"

Na nyuma yao, nusu neno, sauti nzito ya dirishani: "...da-ri-ni."

Halafu Zubeda akaruka juu ya dawati. Alikuwa amepitwa, na hilo hakuwahi kulivumilia. "Hata sisi! Sisi tuna wajomba wawili darini!"

"Sisi watatu!" akapaza mwingine nyuma.

"Sisi tuna babu!"

"Kwetu wamejaa, hata panya hana nafasi!"

Ndani ya dakika moja darasa zima lilikuwa na wajomba darini, na mtoto anayeishi nyumba ya nyasi isiyo na dari alikuwa nao saba. Siku zote nilikuwa nimewakemea kwa uongo huo. Siku ile nilitaka kuwabusu mmoja mmoja. Nikacheka kwa nguvu, kicheko cha ovyo, nikageukia dirisha ili sajini anione nacheka, aone kwamba ni mambo ya watoto haya.

Hakuwa anacheka. Alikuwa ametoa kalamu na kipande cha karatasi. Sikuwahi kumwona na kalamu. Alikuwa ameegemeza karatasi kwenye ukingo wa dirisha, anatazama ubao, anaandika, anatazama ubao, anaandika, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Alipomaliza akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Mwalimu," akasema, "futa. Andika ingine."

Akaondoka kabla ya kengele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nilimweleza Mwalimu Efulansi kwenye mapumziko, nyuma ya choo. Alifumba macho. Nilidhani atanigombeza, na ingekuwa nafuu. "Nilikuambia uliza ya njiani," akasema, basi. Kisha akanisukuma begani. "Nenda kwao sasa hivi. Darasa lako nitalichukua." Mama yule wa umri ule aliingiza madarasa mawili kwenye chumba kimoja, watoto zaidi ya mia na ishirini, na mimi nikapita nyuma ya bustani.

Nyumba ya mapacha ilikuwa mwendo wa nusu saa, mteremkoni kuelekea Makindye. Mama yao nilimjua kwa jina la Nnalongo tu, kama Waganda wanavyomwita mama wa mapacha. Nilimkuta anamenya ndizi za kupika. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, hata bila kumsalimia. Akaweka kisu chini taratibu.

"Niliwaambia wasiseme kwa majirani," akasema. "Niliwaambia wasiseme kanisani, wasiseme dukani. Mwalimu, sikukumbuka kuwaambia wasiseme kwako."

Nilitamani ardhi inimeze. Hapo hapo sauti ya mtu ikatoka juu ya vichwa vyetu: "Alisoma nani?"

"Darasa zima," nikaiambia dari. "Na sajini."

Halafu: "Na ameandika?"

"Ameandika."

Ngazi ikawekwa. Akashuka kijana mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, utando wa buibui kichwani. Alikuwa karani wa ofisi moja mjini. Wenzake wawili wa meza ya karibu walikuwa wamechukuliwa kwa wiki moja, naye hakungoja kuwa wa tatu. Kosa lao hakulijua. Mimi nilianza kumwomba msamaha, naye akanikatiza, akanishika mkono kwa mikono miwili na kunishukuru kwa kuja. Anishukuru! Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga. Kabla jua halijazama alikuwa amelala kati ya magunia matupu kwenye lori la makaa lililokuwa linarudi tupu upande wa mpaka wa Kenya.

Sasa mnadhani somo liliwaingia wale mapacha? Kesho yake Zubeda aliletwa na jirani. Dirishani hakukuwa na mtu, na dirisha lile tupu lilinitisha kuliko sajini mwenyewe. Nikatangaza sheria mpya: Habari za nyumbani zimekwisha, tutasema habari za wanyama peke yake. Mkono wa Babirye juu.

"Ni ya mnyama?" nikamuuliza.

"Ya munyama, Mwalimu. Mubuzi wetu aliyekuwa dalini ameondoka na loli la makaa."

Nikashika kichwa. Nikamgeukia Nakato haraka, maana nilijua kinachokuja, nikamtolea macho yote niliyo nayo. Nakato akafikiri. Alinitazama, akamtazama dada yake, na nikaona kabisa jinsi kweli inavyomsumbua tumboni.

"Ameacha viatu," akasema, akaketi.

Nikaandika ubaoni: Mbuzi ana miguu minne. Tukalisoma hilo mara ishirini.

Siku tatu sikupata usingizi wa maana. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilikuwa limenijia mimi. Nilitembea na kanga mbili na mswaki kwenye kikapu, kwa sababu nilisikia wanaochukuliwa hawapewi nafasi ya kufunga mzigo. Mama yangu alinisomea Yasini kila jioni bila kuniuliza ni ya nini. Kwa Nnalongo hawakuja. Kwangu hawakuja. Lakini kutokuja leo hakukuwa na maana yoyote, kila mtu alijua hivyo. Na darasani ilinibidi niendelee kufundisha herufi na kutoa maharage puani, maana mtoto wa miaka sita hajali kama mwalimu wake anangojea kufa.

Wenzangu vijana, hapa ndipo nawaachia ushauri pekee nilio nao: subirini kidogo kabla mkono haujaandika. Si kwa ajili ya askari tu. Mtoto anakuletea nyumba yao yote mdomoni, anakuamini kuliko unavyostahili, na hajui kipi ni cha kuonyesha na kipi ni cha kufunika. Kujua hilo ni kazi yako. Tangu siku ile mpaka nilipostaafu niliuliza ya njiani, nikavumilia mawe.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, nilikuwa peke yangu darasani nikikusanya vizibo. Mlango ukafunikwa na kivuli. Sajini aliingia, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, akatazama huku na huku kama mtu asiyejua pa kuweka mwili, halafu akakaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, magoti karibu na masikio.

"Walinituma safari," akasema. Alifungua kifungo cha mfuko, akatoa ile karatasi, akaikunjua juu ya dawati na kuilainisha kwa kiganja. Ilikuwa imelowa jasho na kukauka. Maneno yote yalikuwapo, herufi nene zilizosimama kama nguzo za ua, kalamu imetoboa karatasi mahali pawili.

"Hii ndiyo ya kwanza mimi nasoma yote peke yangu, Mwalimu. Tangu nizaliwe. Zingine watoto nanisaidia mbele. Hii mimi najua yote kabla watoto nasema." Akaisogeza kwangu. "Sahihisha."

Nilichukua kalamu nyekundu. Nilipita herufi moja baada ya nyingine, kama ninavyosahihisha daftari la mtoto yeyote. Hakukuwa na kosa. Nikaweka alama ya vema, kubwa, pembeni ya jina la Babirye.

Aliipapasa alama ile kwa kidole. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Mbali?"

"Mbali, Baba Zubeda."

Akatikisa kichwa kukubali. "Mimi sikuonyesha mtu. Nataka sana kuonyesha. Ile mutu nacheka barua yangu, nataka kumuonyesha: ona, mimi naandika." Akatoa kiberiti. "Haiwezekani."

Akawasha njiti, akaishika karibu na karatasi, na karatasi haikusogea. Njiti ikaungua mpaka vidoleni, akaitupa. Akawasha ya pili. Nayo ikamuunguza. Mtu mwenye bastola kiunoni, na alikuwa hawezi kuchoma kipande cha karatasi chenye vema moja. Ya tatu nikampokonya, nikaichoma mwenyewe juu ya dawati, na tuliitazama pamoja mpaka neno la mwisho likageuka jeusi.

Kengele ikalia. Watoto wakaingia kwa kishindo kama kawaida yao, wanakohoa, wanauliza nani anapika, nani kaunguza nini, nani kampiga nani. Sajini alikuwa bado anakusanya majivu kwa ukingo wa kiganja asiache alama. Nakato akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Hapo ni pangu," akamwambia. "Toka."

Sajini akanyanyuka, akamwomba radhi, akatoka.